Yai la Dinosaria Lililouzwa Kanisani

Siku hizi naamka ninapotaka, nakunywa chai ikiwa bado moto, na hakuna mtu anayenivuta sketi kuniuliza kama simba ana kitovu. Wanasema huku ndiko kustaafu. Siku za kwanza nilifurahia sana. Halafu nikajikuta namwambia jirani wa hapa Nyayo Highrise, ninapokaa na binti yangu, aoshe mikono kabla ya kula mandazi. Ni mtu mzima mwenye ndevu. Aliosha.

Anayenisumbua niandike haya ni Odhis, ambaye sasa ndiye anaongoza kambi. Alinipigia simu akasema, "Ticha Rispa, andika ile stori ya yai. Hawa maticha wapya nikiwaambia wanaona nawabeba ufala, nawafanya wajinga." Basi naandika, ninyi maticha wapya msome. Lakini sianzi na yai. Naanza na kamba, kwa sababu bila kamba hamtafika popote.

Kamba ninayosema ni ile nene ya manila yenye mafundo. Kila fundo ni la mtoto mmoja. Kambi yetu ya likizo ni ya watoto wa miaka minne mpaka saba, na mtoto wa umri huo ukimwambia afuate mwenzake atafuata mbuzi. Mpe fundo umwambie ni lake, hata kamasi zikitiririka hatainua mkono kuzifuta, maana mkono uko kazini. Nimevusha watoto barabara kwa kamba hiyo miaka mingi na sijapoteza hata mmoja. Mara moja nilifika na mmoja wa ziada, lakini huyo tulimrudisha.

La pili ni majina. Andikeni kwenye selotepu ya karatasi, kisha mbandike mgongoni. Ukibandika kifuani, mtoto ataitoa ampe rafiki yake, na kufikia wakati wa uji una Brayo watatu na wote ni wasichana. Gundi pikeni wenyewe kwa unga wa ngano na maji, na mtie chumvi nyingi. Chumvi inazuia ukungu, na pia inazuia watoto kuila. Hapana, nimesema uongo. Wataila. Lakini hawataongeza.

Hayo yote nilifundishwa na Mama Conso, aliyeianzisha kambi. Alikuwa amefundisha chekechea mpaka sauti yake ikawa na uwezo wa kusimamisha mkokoteni. Alikaa Kisumu Ndogo, na kila Agosti shule zikifungwa alikuwa anafungua kambi katika ukumbi wa kanisa kule Lindi, mtaa wa jirani hapa Nairobi, halafu tukimaliza hapo tunahamia ukumbi mwingine Kawangware. Watu wakisikia kambi hufikiria mahema. Hatujawahi kuwa na hema. Tulikuwa na mada. Kila Agosti mada moja, na kila kitu kinafuata hiyo: nyimbo, michoro, michezo, hata uji ulipewa jina jipya.

Siku yangu ya kwanza mada ilikuwa Bahari. Mimi nilizaliwa Kakamega na bahari nilikuwa nimeiona kwenye kalenda. Mama Conso alinipa karatasi ya plastiki ya buluu, akaniambia, "Wewe ni maji. Lala hapo utikisike." Nikalala sakafuni, nikajifunika, nikatikisika. Watoto wakanipanda. Baadaye akawauliza, "Ndani ya bahari kuna nini?" Mtoto mmoja akasema, "Omena," wale dagaa wa ziwa. Mwingine akasema, "Omena na nyanya." Mwingine, ambaye naamini sasa ni mpishi mahali fulani, akasema, "Omena na nyanya na dania, na unafunika." Ndivyo bahari ilivyogeuka kuwa chakula cha mchana, na mimi nikiwa bado maji.

Jioni hiyo, tukifagia, Mama Conso alinipa ile sheria yake moja. "Rispa, hawa watoto watakusamehe kila kitu. Ukikosea wimbo, watakusamehe. Ukivaa kichwa cha papa nyuma mbele, watakusamehe. Lakini ukimwambia mtoto Ijumaa, ni Ijumaa. Usije Jumatatu na hadithi."

Nikamwambia nimeelewa. Sikuwa nimeelewa. Nilielewa mwaka wa dinosaria.

Mwaka huo Odhis alikuwa ametoka tu kujiunga nasi. Alikuwa kijana mrefu, mchoraji wa mabango ya vinyozi, na Mama Conso alimchukua kwa sababu mbili: alijua rangi, na alikuwa tayari kuvaa mkia. Mada aliitoa yeye. Tuliwatengenezea watoto wote mikia ya katoni, tukaifunga kiunoni kwa utepe, na kwa muda wote huo ukumbi wa Lindi haukuwa na mtoto, ulikuwa na mijusi wakubwa wanaoomba kwenda choo.

Kitu chenyewe kilikuwa yai. Tulipuliza baluni kubwa kuliko kichwa cha Odhis, tukawapa watoto vipande vya magazeti na gundi, wakabandika tabaka juu ya tabaka. Mnajua Agosti ya Nairobi ilivyo, jua halionekani na nguo zinakaa kwenye kamba mpaka unazisahau. Yai lilichukua wiki nzima kukauka. Tulikuwa tunaligeuza karibu na jiko la uji kama mgonjwa. Lilipokauka, tulikata tundu dogo nyuma, baluni ikatolewa, nikatia mnyama wa plastiki ndani, Odhis akaziba na kupaka rangi ya maziwa yenye madoadoa.

Mnyama mwenyewe ndiye aliyenisumbua. Nilizunguka kwenye mitumba ya vitu vya watoto nikitafuta dinosaria, nikapata farasi, twiga asiye na mguu, na mamba. Nikachukua mamba. Odhis akamwangalia akasema, "Ticha, tulia. Dino ni mamba tu mwenye hakusurvive." Nikatulia, kwa kiasi.

Tukawaambia watoto kwamba yai litaangua Ijumaa inayofuata, siku ya kufunga kambi.

Sasa niwaambie kuhusu Nekesa. Alikuwa na miaka sita, mdogo kwa umbo, na fundo lake lilikuwa la kwanza kwenye kamba kwa sababu alikataa la pili. Mama yake alikuwa akiuza omena Kisumu Ndogo na alikuwa amepata kazi ya nyumbani mtaa wa mbali, ile ya kulala hukohuko kwa mwajiri. Kwa hiyo Nekesa alikuwa anapelekwa Bungoma kwa kukhu, bibi yake, akakae na kusoma huko. Tiketi ilikuwa ya Jumamosi, kesho yake baada ya yai kuangua. Mama yake alinieleza haya mlangoni kwa sauti ya chini, akamalizia, "Hajalia hata kidogo, ticha. Anasema ataenda, bora dino izaliwe kwanza."

Kila asubuhi Nekesa alikuwa anaweka sikio kwenye yai, ananyamaza, halafu anatoa taarifa. "Ako ndani. Amelala." Au, "Leo amegeuka." Siku moja alisikiliza kwa muda mrefu, akakunja uso, akasema, "Anataka uji." Tukaweka kikombe cha uji kando ya yai. Odhis akaunywa tulipogeuka, na imani ya watoto ikaongezeka maradufu.

Ijumaa iliyotangulia hiyo tulifunga ukumbi kwa wikendi. Yai tuliliacha mbele, ndani ya beseni lenye nyasi kavu, kwa kuwa Nekesa alisema lisihamishwe likaogopa. Tulichosahau sisi wote ni kwamba Jumapili hiyo ilikuwa ya mavuno.

Kama kanisa lenu halifanyi mavuno, naeleza. Waumini wanaleta walichonacho: sukuma, ndizi, boga, kuku aliyefungwa miguu, trei ya mayai. Vinapangwa mbele vinaombewa, halafu baada ya ibada vinapigwa mnada hapohapo nje, na mtu ananunua mkungu wa ndizi kwa bei ya kitanda, kwa sababu ni kwa ajili ya Mungu na watu wanaangalia. Ili mnada uchangamke anaalikwa mgeni wa heshima mwenye uwezo. Mwaka huo alialikwa Mzee Njoroge wa Kawangware. Alikuwa mwenye ploti kadhaa, mtu wa koti na kofia hata kukiwa na joto, na sifa yake ilijulikana kila dhehebu: hakuwahi kushindwa kwenye mnada.

Jumatatu asubuhi beseni lilikuwa tupu. Hata nyasi zilikuwa zimefagiliwa.

Watoto walisimama na mikia yao wakaangalia beseni. Halafu wakatuangalia sisi. Nekesa hakulia. Alikaa chini kando ya beseni, akakunja mikono. Mama Conso akaenda mbio kumtafuta mama aliyekuwa amepanga matoleo, akamkuta nje anaosha sufuria za kanisa.

"Lile yai kubwa?" yule mama akasema. "Si lilinunuliwa! Bwana asifiwe."

"Lilinunuliwa na nani?"

"Mgeni wa heshima. Tulilikuta hapo mbele kwa nyasi, tukasema ni sadaka ya mtu. Mzee wa kanisa akatangaza ni la mbuni. Wee! Watu waliongeza, Mzee Njoroge akaongeza, wakaongeza, akaongeza. Sijawahi ona mnada kama huo."

"Mama," Mama Conso akasema polepole, "lile yai lilikuwa gazeti."

Yule mama akasugua sufuria kidogo akifikiria. "Sasa," akasema, "hata kama ni gazeti, liliuzwa vizuri."

Najua mnachofikiria, maana nami nilikifikiria: tutengeneze lingine. Tulilitengeneza mchana huohuo. Kufikia Jumanne lilikuwa bado limelowa, tukalisogeza karibu na jiko ili liharakishe, likabonyea upande mmoja na kutoa moshi. Nekesa aliletwa aliangalie. Akaweka sikio, akaliondoa likiwa na gundi, akasema, "Hii haina mtu." Watoto wengine wakasema hilo ni yai la wenyewe, sisi tunataka letu. Baba mmoja alikuja kumchukua kijana wake akaniambia, "Ticha, huyu jana hakukula. Anasema kuna mtoto amepotea. Ni mtoto wa nani amepotea?" Nikamwambia ni wa dinosaria. Akaniangalia kwa huruma.

Odhis alipendekeza tuwaambie watoto kwamba yai limeenda kuangua mbali. Mama Conso akamgeukia. "Tuliwaambia Ijumaa?"

"Ndio."

"Tuliwaambia hapa?"

"Ndio, Mama."

"Basi liko Kawangware, na miguu tunayo."

Nikauliza kwa nini tusiende sisi wakubwa peke yetu, kimyakimya. Akanijibu kwamba mzee aliyenunua kitu mbele ya kanisa zima hawezi kukirudisha kwa ajili ya wanawake wawili na kijana mwenye mkia. Akawaomba wazazi ruhusa, akaazima basi dogo la shule jirani, na Jumatano tukaondoka na kambi nzima.

Hapa kuna jambo la kujifunza: mtoto mwenye mkia wa katoni hawezi kukaa kwenye kiti. Tuligundua hilo basi likiwa limeshajaa. Kuwavua mikia kulileta kilio, kwa hiyo walipiga magoti wote wakiangalia nyuma, na Ngong Road nzima ikapungiwa mikono na dinosaria. Mwenye pikipiki mmoja nyuma yetu alipunga pia, halafu akasimama kando ya barabara amalize kucheka. Tulipofika Kawangware njia ya kuingia kwa Mzee ilikuwa nyembamba na ya matope, nikatoa kamba. Kila mkono fundo lake, mikia ikiburuta, Nekesa mbele. Watu walitoka kwenye maduka. Kinyozi alitoka na mteja wake, nusu kichwa kikiwa kimenyolewa.

Mzee Njoroge alikuwa ameketi barazani. Alisimama, akavaa kofia sawasawa, akatuhesabu kwa macho.

"Nyinyi ni akina nani?"

"Ni dino," watoto wakajibu.

Mke wake akatoka. Kila mtu pale alimwita Shosho, yaani bibi, na mumewe Guka, yaani babu, nasi tukamwita Shosho. Alitukaribisha sebuleni kama vile wageni wenye mikia huja kila wiki, na tukaliona yai. Lilikuwa juu ya kabati la runinga, limekalia kitambaa cheupe cha kufuma, na kingine kidogo kilikuwa kimewekwa juu yake lisishike vumbi. Nekesa aliachia fundo lake. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiliachia.

Mama Conso akaeleza kila kitu kwa adabu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Madam, mimi najua yai ya mbuni. Watu wamekuja hapa kuiona. Hata daktari wa mifugo amekuja."

"Alisema nini?"

"Alisema ni kubwa."

Rangi ilikuwa imebanduka kidogo pembeni. Kutoka pale nilipokuwa nimesimama niliweza kusoma tangazo la kazi, anatakiwa dereva mwenye uzoefu. Mzee aliona ninakoangalia, akajisogeza akaziba kwa mgongo. Hapo nikajua kwamba anajua. Alikuwa amejua tangu Jumapili jioni, maskini, na angefanyaje? Watu walikuwa wamempigia makofi.

"Kitu imenunuliwa kanisani hairudishwi," akasema. "Hiyo si tabia."

Shosho akaniita jikoni nimsaidie kubeba vikombe. Akifunga chupa ya chai akaniambia, bila mimi kuuliza, "Usimwone mkali. Hiyo yai imemfurahisha. Kijana wetu amezaa wasichana tu. Mimi nimeshaitwa, Wambui wangu yuko shule. Yeye bado." Nilimwelewa. Kwa Wakikuyu kijana wa kwanza wa mwanao ndiye anayechukua jina lako, na Mzee alikuwa na ploti nyingi ila jina lake halikuwa na mtu wa kulibeba. "Kila wakipata mtoto," Shosho akasema, "anavaa koti anangoja simu. Halafu anavua koti." Akachukua vikombe, tukarudi.

Sebuleni hali ilikuwa mbaya. Mzee alikuwa amesimama mbele ya kabati, Nekesa amesimama mbele ya Mzee, amekunja mikono. Shosho akaweka vikombe chini, akasema kama anayeongea na chai, "Hairudishwi, ni kweli. Lakini inaweza kuuzwa tena."

Ni kweli kabisa. Kwenye mnada wa kanisa aliyenunua anaweza kukirudisha kitu kipigwe mnada upya, na anasifiwa mara mbili. Mzee alifikiria kidogo. Mnada ulikuwa udhaifu wake. "Nani atauza?" akauliza, na Odhis alikuwa ameshapanda kwenye stuli, mkia ukining'inia.

"Haya haya haya! Yai safi, halijapasuka, limelala kwa kitambaa! Nani anaanza?"

Watoto waliangaliana. Halafu Brayo, yule wa kweli, akapaza sauti, "Mkia yangu!"

"Mkia wa Brayo! Nani anaongeza?"

"Nusu mandazi!"

"Jino yangu hii ikitoka!"

"Natoa ndugu yangu mdogo!" msichana mmoja akasema, na ndugu yake, aliyekuwa ameshika fundo la nyuma yake, akakubali kwa kichwa.

"Tuna ndugu mdogo! Mzima kabisa! Nani anaongeza juu ya ndugu mdogo?"

"Kofia," Mzee Njoroge akasema.

Tukageuka wote. Alikuwa ameishika mkononi juu, macho yanang'aa. Hakuweza kujizuia. Alikuwa ananunua yai lake mwenyewe.

"Kofia ya Mzee! Mara ya kwanza!"

"Mikia yetu yote!" watoto wakapiga kelele.

"Kofia na fimbo!"

"Mikia na uji ya kesho!"

"Kofia, fimbo na jogoo!"

"Jogoo ni wangu," Shosho akasema.

"Kofia, fimbo," Mzee akasema, jasho likimtoka, "na koti."

Watoto wakajiangalia nguo. Hawakuwa na koti. Odhis akaniangalia, kwa kuwa hakuwa amepanga Mzee ashinde. "Mara ya kwanza," akasema kwa sauti ndogo. "Mara ya pili..."

Nekesa alikuwa hajatoa kitu mpaka hapo. Alienda mpaka kwa Mzee, akamvuta suruali.

"Akitoka," akasema, "tutamwita jina yako."

Mzee akainama. "Umesema?"

"Kwetu mtoto akizaliwa anapewa jina ya mzee. Huyu hana. Unaitwa nani?"

"Njoroge."

Nekesa akapanda juu ya kochi na mkia wake, akaweka sikio kwenye yai, akasikiliza. Sebule nzima ilingoja. "Amesema sawa," akatangaza. "Ni Njoroge."

Sijui kama nimewahi kuona mtu mzima akihangaika vile na kofia. Aliivaa, akaivua, akaigeuza akaangalia ndani. "Uza," akamwambia Odhis. "Uza haraka, kijana, kabla mtu hajaongeza."

Ijumaa alikuja Lindi na Shosho, koti limepigwa pasi. Tulimpa kiti cha mbele, kile cha plastiki cha watoto kwa kuwa hatukuwa na kingine, magoti yakamfika kifuani. Nekesa alipewa mwiko wa uji apasue. Akagonga. Yai likalia kama ngoma. Akagonga tena, watoto wote wakagonga, mwiko ukavunjika. Maticha, msizidishe tabaka za gazeti. Mwishowe Mzee aliinuka na fimbo yake, akaomba nafasi, akapiga mara moja.

Mamba akatoka, akaanguka sakafuni chali.

Niliona midomo ya watoto ikifunguka, na nilijua kinachokuja. Brayo ndiye aliyesema. "Hiyo ni mamba."

Nilikuwa nimejitayarisha kueleza habari za wanyama wenye magamba na undugu wao. Sikupata nafasi. Mzee Njoroge alipiga goti, akamwokota mamba, akampangusa vipande vya gazeti.

"Mamba ni nani?" akasema kwa ukali. "Huyu ni Njoroge. Hamwoni mdomo? Ni wa kwetu kabisa."

Shosho akachungulia. "Ukweli," akasema. "Hata meno."

Basi, kelele iliyofuata ilisikika mpaka kwa wauza omena. Watoto waliruka mpaka mikia ikakatika. Nekesa akaniomba selotepu, nikaandika jina, na yeye mwenyewe akalibandika mgongoni mwa mamba, mahali panapofaa.

Nilikuwa nimepanga mamba awe wake, aende naye Bungoma. Nilimwambia hivyo. Alimwangalia mamba, akamwangalia Mzee, akamgeuza mamba mara mbili tatu.

"Hapana, ticha," akasema. "Mimi naenda kukaa kwa kukhu. Huyu akae kwa guka yake."

Mzee alimpokea kwa mikono miwili. Mama Conso akageukia ukuta akaanza kubandua michoro ambayo haikuwa na haraka ya kubanduliwa. Mimi nililia waziwazi, na sioni haya. Jumamosi Nekesa alisafiri, na mama yake aliniambia alipanda basi bila kuangalia nyuma, kazi yake ikiwa imekwisha.

Mama Conso sasa yuko Siaya, anafuga kuku, na nasikia wanatembea kwa mstari. Nekesa amekuwa msichana mkubwa. Mama yake anaponipigia simu ananiambia mtoto anauliza habari za Njoroge, na mimi namwambia ni mzima, anakalia kitambaa.

Agosti hii ndiyo ilikuwa kambi yangu ya mwisho, ya Kawangware. Asubuhi ya kwanza nilisimama mlangoni na selotepu yangu kama kawaida, nikiandika na kubandika, nikiandika na kubandika. Foleni ikasogea nikaona koti, kofia, na fimbo iliyopasuka kidogo mwishoni. Mzee Njoroge amezeeka. Mkono wake mwingine ulikuwa umeshika kijana wa miaka minne, amepakwa mafuta mpaka anameremeta.

"Mtoto wa kijana wangu," Mzee akasema. Kabla sijafungua mdomo akasema tena, "Kijana."

"Jina?" nikauliza, ingawa mkono ulikuwa umeshaanza kuandika.

"Njoroge," Mzee akasema. "Ticha, weka na namba mbili. Ni wa pili."

Nikaandika, nikamgeuza mtoto nimbandike mgongoni. Nikamuuliza kama anamjua wa kwanza.

"Ni mamba," akanijibu kwa uchungu mwingi. "Na Guka amekataa nimshike."